Nilimwita Baba Mdogo kwa Jina Lake

Shangazi Lukresia, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nimekwama. Nasoma Kiingereza chuoni hapa Moshi mjini ili nipate kazi ya mapokezi hotelini, na mwalimu wetu ametukataza ile "Good morning, sir" ya kuimba kama watoto wa shule ya msingi, anataka tusalimiane kwa majina, kirafiki, kama wageni wanaokuja kupanda mlima, nami nimeshazoea. Sasa Jumapili nilipanda nyumbani Mwika, baba mdogo Ebenezeri, aliyenilea tangu baba afariki, akaniita mbele ya wazee wenzake waliotoka ibadani, akasema hebu niongee naye Kiingereza wasikie, nami kwa furaha nikampiga begani nikamwambia, "Hi, Ebenezeri, how's it going?" Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, yeye akachukua kofia yake akaondoka. Nilimfuata nikamweleza kwamba Kiingereza sahihi ndicho hicho, hakugeuka. Jumamosi wazee wa mchumba wangu Davis wanaleta posa kutoka Kirua Vunjo, na baba mdogo ndiye wa kuwapokea, lakini amemtuma mama aniambie, "Wageni wake awapokee Mzungu mwenzake." Wenzangu chuoni wanasema sijakosea. Nifanyeje?

Aikande, Moshi

Marahaba, Aikande. Pole, mwanangu, ila hao wenzako wakae pembeni kwanza. Hata kwa Kiingereza mtu hamsalimii mkuu wake wa kazi kama anavyomsalimia rafiki wa kucheza naye karata. Mwalimu amekufundisha lugha ya rika lako, wewe ukaibeba kumpelekea mzee. Alikuwa anajivunia wewe, ukamfanya kichekesho, halafu ukamfuata kumsahihisha! Ningekuwa yeye, hiyo kofia ningeichukua mapema zaidi.

Kesho panda Mwika. Mwombe mama akuchumie jani la isale, lile la kuombea radhi, mwende pamoja. Usiseme isale ni jambo kubwa mno kwa kosa la salamu. Mpe shikamoo yake, umwambie, "Baba, nimekukosea," uishie hapo. Habari za mwalimu na Kiingereza ziache mjini.

Jumamosi usiitaje kabisa, maana atajua umefuata posa, hukumfuata yeye. Akikupa chai, kunywa, aga, urudi chuoni. Na Jumamosi ikikaribia hajakubali kuwapokea, mwambie Davis wazee wake wasogeze safari. Posa husogezwa, binti yangu. Mzee aliyekulea usimngojeshe.