Krismasi Ambayo Hatukupanda Nyumbani

Kwako mume wangu Aminieli,

Ninakuandikia nikijua kwamba hutaisoma barua hii. Watakaoisoma ni wengine, na ndiyo sababu sikuitia katika bahasha. Wapo watu wa ukoo wako wanaolisimulia jambo letu kwa namna lisivyokuwa. Wanalisimulia nje ya kanisa, sokoni na misibani, mahali ambapo wewe huwezi kuwajibu. Mimi bado ninaweza. Nilifundisha watoto wa Arusha tangu usichana wangu hadi nilipostaafu, na sikuwahi kuliacha kosa likae ubaoni kwa sababu tu aliyeliandika alikuwa mkubwa wa darasa.

Jambo lenyewe ni ile Krismasi moja, katika miaka ile maduka yalipoanza kujaa bidhaa baada ya kukaa matupu muda mrefu, ambapo mimi nawe hatukupanda Machame. Tuliteremka Dar es Salaam. Tulikaa siku tatu, tukarudi. Hatukuiba wala hatukumtukana mtu. Hata hivyo, hadi leo mdogo wako Elikunda akilitaja jambo hilo hushusha sauti kana kwamba anazungumzia ugonjwa wa aibu.

Kwa Mchaga, ugonjwa huo upo. Mtu anaweza kuishi mbali mwaka mzima, asionekane hata kwenye harusi, lakini Krismasi lazima apande mlimani. Wewe mwenyewe ulikuwa ukianza kunoa kisu cha kuchinjia tangu Novemba. Kwenu ng'ombe aliangushwa asubuhi ya mkesha, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Kidari kilikuwa cha baba yako. Mafungu ya wake za ukoo baba yako aliyaita kwa majina ya watoto wao wa kwanza: "La Mama Neema! La Mama Ndesario!" Wanawake walikwenda wakicheka, mmoja baada ya mwingine. Langu liliitwa mwisho, nalo liliitwa: "La mke wa Aminieli." Nililipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikashukuru, kama mama yangu alivyonifunza.

Unakumbuka mwaka ambao Elikunda alilipima fungu hilo kwa macho? "Shemeji," alisema, "hilo litakutosha. Huna wa kugawana naye." Wanaume walicheka. Wewe uliweka kisu chini, ukaenda kunawa mikono. Njia nzima ya kurudi Arusha nilikaa nikidhani kwamba umenyamaza kwa sababu unakubaliana nao.

Mwaka uliofuata, vuli ilipoanza, Elikunda alikuja katika karakana yako pale Ngarenaro. Mimi nilikuwa nimekuletea chakula cha mchana, nimekaa nyuma ya mbao ulizozisimamisha ukutani zikauke. Wewe ulijua kwamba nipo. Yeye hakujua.

"Kaka," alisema, "tumezungumza na wenye binti. Ni mtulivu, amelelewa. Krismasi ataletwa nyumbani kusaidia kugawa nyama. Wewe umwangalie tu."

"Nina mke."

"Nani amesema huna? Tumesema huna mtoto. Kihamba chako, shamba la babu zetu, kitabaki na nani? Na hatukwambii ufunge ndoa nyingine kanisani. Mchungaji hana haja ya kujua."

Wewe uliendelea kupiga randa. Ulikuwa na tenda ya vitanda vya hoteli moja ya watalii, na wenye hoteli walivitaka kabla ya sikukuu.

"Mti usiozaa hukatwa, Kaka. Wewe ni fundi, unalijua hilo kuliko sisi."

Hapo ulisimamisha randa. "Elikunda, umewahi kula tunda la mninga?"

"Mninga? Sijawahi."

"Na kitanda unacholalia ni cha mti gani?"

Kitanda hicho ulimtengenezea wewe, cha mninga mtupu, siku alipooa.

"Basi nenda ukakilalie," ulimwambia. "Mimi nina kazi."

Aliondoka bila kuaga. Ulikuja nyuma ya mbao, ukafunua chakula, ukala chote. Kisha ulisema, "Aikande, mwaka huu hatupandi."

Sasa naomba wasomaji wasome polepole, hasa walioketi katika kikao cha ukoo mwezi uliopita. Aliyesema maneno hayo ni Aminieli. Mimi nilipinga. Nilikwambia mama yako ataumia. Nilikwambia watasema mwanamke amekuteka akili. Ulinijibu, "Waseme. Wamezoea kusema." Nilipinga tena jioni na kesho yake, mpaka ulipokuja na tiketi mbili za Dar es Salaam mkononi, ukaziweka juu ya madaftari ya wanafunzi niliyokuwa nikiyasahihisha, ukaenda kuoga.

Basi letu liliondoka Arusha likiwa limejaa wenye mizigo ya sikukuu. Tulipofika Kikatiti ulininunulia mahindi ya kuchoma kupitia dirishani, nami nikakataa kula mbele za watu, ukayala wewe. Nilikuwa na hofu. Nilijua kwamba tutapita njia panda ya Machame mchana kweupe, na njia panda hiyo siku mbili kabla ya Krismasi ni kama uwanja wa mkutano.

Utingo alipaza sauti, "Machame! Wa Machame, nusu ya gari!" Kweli nusu ya gari ilisimama. Watu walishusha mafuta, mchele, mabati, hata kochi. Sisi tulibaki tumekaa. Na chini pale, miguu yake katikati ya mizigo, alisimama Mama Neema, mke wa binamu yako, akatuona.

"Aminieli! Jamani, dereva, ngoja! Hawa wamesinzia, wanapitilizwa!"

Ulifungua dirisha. "Hatujasinzia, Mama Neema. Habari za safari?"

"Nzuri. Shukeni basi!"

"Hatushuki. Tunakwenda Dar es Salaam."

"Dar es Salaam kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Tunakwenda kula Krismasi."

Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta shahidi. "Na nyama yenu?"

"Mpeni Elikunda," ulisema. "Mwambieni ni fungu la mke wangu, na agawane na amtakaye."

Basi liliondoka. Nilitazama mbele, sikuthubutu kugeuka. Wewe uligeuka, ukampungia mkono mpaka alipopotea. Baadaye, tulipovuka Moshi na Himo, gari likiwa limebaki na abiria wa kuhesabika huku mabasi yanayotoka Dar yakipishana nasi yamejaa hadi mlangoni, uliushika mkono wangu ukauweka juu ya goti lako. Hukuwahi kufanya hivyo mbele ya watu. Hapo ndipo nilipojua kwamba ukimya wako wa mwaka uliotangulia haukuwa wa kukubali.

Mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia Kariakoo alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa Pwani, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alitusikia tukizungumza, akaweka mikono kiunoni.

"Nyinyi Wachaga? Krismasi hii? Au mmefiwa?"

"Hatujafiwa, Bibi," ulijibu. "Tumekuja kutembea."

"Basi mmegombana na watu."

"Hapo umepata."

Alicheka, akatupa chumba chenye feni nzima.

Siku ya mkesha ulitaka kuninunulia kitenge. Tulizunguka mtaa baada ya mtaa, na kila duka tulilolikuta lilikuwa na kufuli. Mchuuzi mmoja alituonea huruma. "Mzee, wenye maduka wamekwenda kwao Moshi kuhesabiwa! Rudini mwakani." Ulicheka hadi ukaegemea mlango wa chuma. "Aikande," ulisema, "tumewakimbia Machame, nao wametufungia Dar." Katika duka moja lililokuwa wazi uliona viti vya kutoka nje, vinang'aa. Ulikipindua kimoja, ukachungulia chini, ukakirudisha taratibu kama mtu anayemfunika maiti. "Gundi tupu," ulisema. Muuzaji alikasirika, tukatoka. Kitenge tulikipata barabarani. Kilichuja rangi nilipokifua mara ya kwanza, na nilikivaa hivyo hivyo mpaka kikaisha.

Siku ya Krismasi tulikwenda ibada. Kwetu wakati ule wanaume walikaa kulia na wanawake kushoto. Kule tuliketi benchi moja, ukanishikia kitabu cha nyimbo ingawa nyimbo zote nilizijua kwa moyo. Jasho lilikutiririka chini ya koti la sufu ambalo ulikataa kulivua kwa sababu ilikuwa Krismasi.

Tuliporudi, Bi Zuhura alikuwa ametuwekea sinia la pilau. Alisema kwamba si vizuri mgeni kula sikukuu yake hotelini wakati jiko la mwenyeji linawaka. Alianza kupakua, kisha akaniuliza, "Jina lako nani?"

Nilijibu kwa mazoea, "Mimi ni mke wa Aminieli."

"Huyo mume nimemwona, amenijazia mlango. Nimeuliza wewe."

"Aikande."

"Haya. La Aikande hili." Akanisogezea sahani ya kwanza, kabla ya yako.

Uliinama juu ya chakula. Nilidhani pilipili imekupalia. Haikuwa pilipili, na sitasema zaidi, kwa sababu hukupenda watu walione jambo hilo.

Tulirudi. Binti yule aliletwa kweli Krismasi ile, akagawa nyama, akaona hakuna wa kumwangalia, akaolewa na mwingine, na nasikia ana wajukuu. Sisi miaka iliyofuata tulipanda Machame kila Krismasi, na baba yako, Mungu amrehemu, hakuniita tena mwisho. Hakuomba radhi, nasi hatukuidai. Nilidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Yalingoja ufe.

Tulikuzika kihambani kwenu, upande wa chini wa nyumba ya baba yako, kama ulivyotaka. Waliochimba waliacha nafasi upande wa kushoto, na kila mtu alijua ni ya nani. Lakini mwezi uliopita wazee waliniita. Elikunda ndiye aliyezungumza. Alisema kwamba ulipotoka nyumbani Krismasi ile ulitolewa na mwanamke, na kwamba mwanamke huyo hajawahi kuuomba ukoo msamaha. Alisema kwamba nikitaka kulala kando yako, nije Krismasi hii na jani la sale mkononi. Sote tunajua maana yake. Mkosaji akileta jani hilo, aliyekosewa hana ruhusa ya kumkatalia msamaha. Na mkosaji akishalileta, kosa limeshakuwa lake.

"Ni jani tu, Shemeji," aliniambia. "Dakika moja, yanaisha. Umri umekwenda, usife na kiburi."

Niliomba kwenda kukutazama kaburini kabla sijajibu. Nilikuta kwamba katika ile nafasi ya kushoto Elikunda amepanda migomba miwili. Michanga, ya tangu masika, imewekewa samadi vizuri. Amejitahidi.

Mume wangu, nimelala na jambo hili nikaamka nalo. Ninataka kulala kando yako. Sioni aibu kuliandika hilo mahali ambapo wanafunzi wangu watalisoma. Siwezi kuwazia kulazwa katika makaburi ya mjini, kati ya watu nisiowajua, na wewe uko juu kule peke yako. Kama wangenitaka niombe msamaha kwa ukali wangu, ningeomba, kwa maana nimekuwa mkali. Kama wangenitaka niombe msamaha kwa kutozaa, nisingeomba, lakini ningewaelewa kwamba hawajui wanalolisema. Wanachonitaka ni kingine. Wanataka nikiri kwamba siku ile hukuwa na akili zako, kwamba maneno uliyoyasema mbele ya Mama Neema yalikuwa yangu, nawe ulikuwa mdomo tu. Wanataka nikuzike mara ya pili, na safari hii nikuzike ukiwa mjinga. Sitafanya hivyo. Siku zile tatu zilikuwa zawadi yako kwangu, na mtu haombi radhi kwa zawadi aliyopewa na mumewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazee ni hili, nami nimeliandika wazi ili lisipate wa kulipotosha. Nitapanda Machame Krismasi hii. Sitaleta sale. Nitaingia kwa njia ya mbele, nitawaamkia walionizidi umri, nao walio wadogo wangu wataniamkia, Elikunda akiwa wa kwanza. Nyama ikigawiwa nitaketi mahali pangu. Anayetaka kumfukuza mjane wa Aminieli mbele ya watoto siku ya kuzaliwa Bwana, asimame afanye hivyo, kila mtu akiona.

Kisha nitashuka kaburini na jembe. Nimezaliwa kihambani, ninajua kuhamisha mgomba bila kuuua. Nitaing'oa yote miwili pamoja na udongo wake, nitaipanda mbele ya mlango wa Elikunda, na nitaimwagilia mimi mwenyewe. Ikizaa, ale ndizi zake, nami sitamwomba hata moja.

Shimo litakalobaki pale sitalifukia. Nitalisawazisha kingo zake, niling'olee magugu, na nitawaonyesha watoto wote wa ukoo, mmoja mmoja, ili kila mmoja wao ajue ni mahali pa nani.

Pumzika, Fundi. Mimi siombi ruhusa ya kuja kwangu.

Mkeo,
Aikande