Skochi ya Baba Imezeeka

Dada Nekesa,

…na ile wiski ya Skochi ambayo Baba alisema bila hiyo hatambariki Lado wangu, hatimaye tumeinunua. Mtaalamu aliyeichagua ni Lado mwenyewe, mwanakwaya ambaye kinywaji kikali zaidi alichowahi kuonja ni soda ya tangawizi.

Joto la Juba siku hiyo lilitosha kuchemsha chai. Mama Nakato, Mganda mwenye duka hapa New Site, akatutolea chupa nzuri kabisa. Mume wangu akaigeuza, akasoma, akashtuka. "Miaka kumi na miwili! Mama, hii imekaa sana. Huna ya mwaka huu?"

"Ssebo, bwana wangu, hii si mkate," Mama Nakato akacheka. "Hii ikizeeka ndiyo inakuwa muzuri."

Lado akaninong'oneza, "Mpenzi, wenye maduka wote husema hivyo." Jamani, Dada, nani mwingine angenilinda namna hii? Nikambembeleza, tukaichukua.

Sasa ameifunga kwa kitambaa chenye maji isije ikaharibika zaidi, na kila asubuhi anafanya mazoezi ya hotuba ya kumwomba Baba radhi kwa kumletea kitu kilichozeeka. Ninampenda mpaka naogopa. Baba akiisikia hotuba hiyo, baraka tumezikosa. Kwa hiyo Lado akisimama tu, wewe anzisha wimbo wowote wa kanisani. Hawezi kuacha kuitikia.

Nakukumbatia kwa nguvu zote. Tutafika Kitale kabla mwezi huu haujaisha, mimi na bingwa wangu.

Nafula