Fundo la Mizunguko Saba

Mdogo wangu,

Dawa ya Mama iko juu ya friji, mpe akishakula. Samaki walio kwenye beseni usiwaguse kwanza.

Ndiyo, nimekwenda kwenye sehemu yako ya siri, nyuma ya kiwanda cha barafu, pale penye ngazi iliyovunjika. Mwaka mzima nakuuliza samaki wote hao unawavua wapi, unanichekea tu. Jana nilikufuata. Leo alfajiri, wewe unakoroma, nikaenda peke yangu.

Mshipi ulinasa kwenye mawe, nikauvuta, ukakatika. Nilipoukusanya uliobaki, nikakuta mwishoni ndoana nyingine. Si yangu. Imefungwa kwa mizunguko saba, ncha imekatwa kwa meno. Unajua nani alikuwa akifunga hivyo, na hakutufundisha. Miaka minne tangu bahari imchukue, na alama za meno zilikuwa mbichi kabisa.

Ndiyo maana siku hizi unaondoka nyumbani bila ndoana hata moja! Na mimi nilikuwa nakucheka.

Nimekasirika, usidhani nimeogopa tu. Kwani Baba ni wako peke yako?

Narudi kule sasa hivi. Mama mwambie nipo sokoni. ~~Usinifuate.~~ Njoo, na ulete ile sweta ya Baba ya bluu iliyo kabatini. Lile fundo lilikuwa limelegea, si kawaida yake. Nadhani mikono inamtetemeka kwa baridi.

Dada yako