Mguu wa Zakayo

Migori, Sabato jioni, Aprili 1967

Mvua ilianza mchana na bado inapiga mabati. Naandika polepole nisije nikatoboa karatasi.

Leo nilikaribia kunywa.

Ni miezi mitano tangu nibatizwe mtoni, na wiki hii nzima kiu imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimeomba nikishona nguo dukani kwangu, nimeomba nikila, Jumatano nikafunga. Haikutoka. Asubuhi nilivaa suti, nikachukua Biblia, nikaondoka nyumbani kama mtu wa kanisa. Miguu ikanipeleka nyuma ya soko, kwa Min Atieno, mama mpika chang'aa. Kwa miaka sita nilikuwa mteja wake.

Alifungua mlango, akanitazama, akaitazama Biblia.

"Fundi, leo si Sabato yenu?"

"Glasi moja tu, mama."

"Kwangu hupati. Mke wako amelia hapa mara ngapi? Nenda zako."

Akafunga. Nilibaki pale na hasira, halafu aibu, halafu woga mtupu.

Nilifika kanisani nimechelewa. Kumbe ilikuwa siku ya Meza ya Bwana, na kabla ya mkate sisi hutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume, wawili wawili. Aliyebaki bila mwenzake alikuwa Zakayo.

Mimi ndiye niliyemvunja Zakayo mguu. Ilikuwa Homa Bay, zamani za ulevi wangu. Nilimsukuma kutoka juu ya lori la samaki. Mpaka leo anachechemea. Hajawahi kulitaja jambo hilo, nami sijawahi kumwomba msamaha.

Nilipiga magoti mbele ya karai. Mguu wake umepinda kwenye kifundo. Nilipoushika, maji yakaanza kucheza kwa kutetemeka kwangu. Nikajua nikinyamaza nitakula mkate ule nikiwa mwongo.

"Zakayo, asubuhi nilienda kutafuta pombe."

"Ulikunywa?"

"Nilinyimwa. Na mguu huu, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nilikuwepo." Hakucheka. "Nilikusamehe siku nyingi, ndugu yangu. Osha, watu wanatungoja."

Kisha akainama kwa shida, akaniosha. Alipokuwa akinifuta alisema, "Kesho nitakuja kukaa na wewe dukani mpaka ufunge."

Nililia mbele ya watu.

Lakini bado naogopa. Leo sikuzuiwa na maombi yangu. Nilizuiwa na mama muuza pombe. Labda huyo ndiye aliyekuwa jibu. Sijui. Na siku atakayochoka kunifukuza, je?

Mke wangu yuko jikoni, anaimba. Leo hakuja kanisani, na anadhani asubuhi nilienda huko moja kwa moja. Naogopa uso wake kuliko ninavyoiogopa kiu.

Naweka kalamu chini. Naenda kumwambia.