Chaji Niliyoikosea Mwaka wa 1996

Mwanarehema, natoka kwa Mzee Mbwana hapa Likoni. Nimemwambia. Wallahi nimemwambia.

Ile programu yake ya 1996, ya kukadiria kwa kompyuta ni vipande gani vya protini vitatangulia vikivutwa na umeme. Majibu yalipopishana na vipimo vya maabara, aliaibika, akaacha utafiti.

Kosa lilikuwa langu. Mimi, msaidizi wake, ndiye niliyeingiza chaji ya umeme ya kila kipande. Kipande kimoja nilikiandikia hasi badala ya chanya. Nililiona wiki ileile, nikanyamaza.

Nilidhani atanifukuza. Aliuliza tu, "Kwa hivyo hesabu yangu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa, mzee."

Akamwita mkewe, akaniomba nirudie mbele yake. Nikarudia. Alikuwa akitabasamu, Mwanarehema. Heri angenitukana.