Bahasha Yenye Mwandiko Wako

Kaka yangu,

Shikamoo. Hujambo? Na goti la mama linaendeleaje? Mimi mzima wa kelele, ila huku sina wa kumpigia.

Niliposema nimekuwa mtu mkubwa serikalini ulicheka, ukauliza aliyeishia kidato cha pili atakuwa mkubwa wa nini. Cheka tu! Ndiye mimi ninayefungua barua zote masjala na kuzigonga mhuri wa tarehe. Nisipogonga, barua haijafika, hata kama imelala mezani. Wenye shahada zao wananibembeleza dirishani, na soksi zangu zimetoboka.

Ukutani tumebandikiwa kipande cha Katiba kisemacho kazi ya umma hupewa mtu kwa sifa na kwa ushindani wa haki. Mkuu wetu, tunayemwita Mama Masjala, husema wananchi wengi hawajawahi kuifungua Katiba. Wanaisoma nyusoni mwetu, pale dirishani. Mimi nilikuwa naipangusa vumbi bila kuitazama.

Mchana nakula peke yangu kwenye ngazi za nyuma. Wenzangu wakikaa huulizana nani alisoma wapi, na mimi niliyewachosha nyumba nzima kwa maneno nageuka bubu. Chumbani naongea na ndoo.

Jumanne nikafungua bahasha yenye mwandiko wako. Unaomba kazi kwetu, bila kujua ndipo nilipo. Niliisoma mara tatu, kaka; ilikuwa kama umeingia ukavua viatu.

Sasa kaa chini. Kile cheti chako ulichowasingizia panya, nilikichukua mimi. Hapa naitwa kwa jina lako. Na ombi lako la mwaka jana, ulilosema limekwama kwa sababu hatuna mtu ofisini, lilifika. Mtu ulikuwa naye. Nililificha droo ya chini.

Hili jipya nililigonga mhuri, na lile la zamani pia, nikampelekea Mama Masjala yote mawili na kumweleza mwenye jina ni nani. Hakufoka. Aliuliza tu mimi naitwa nani. Miaka miwili sijaulizwa; nikamtajia. Kisha akasema ombi lako litapimwa kama ya wengine, na suala langu linakwenda kwa wakubwa, pengine hadi polisi. Hakunipunguzia hata chembe.

Ukiitwa kwenye usaili, jina lako litaje kwa sauti, nimeshalivua. Nikiwa bado sijachukuliwa, utanikuta benchi la nje. Ukiwa bado una mdogo, niite lile la nyumbani.

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Mpe mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi,
Redio