Shali ya Mzee Levitin

Jumapili, 2 Juni

Viwavi wameanza kuning'inia kutoka kwenye miti ya mtaani. Winnipeg nzima inatembea ikijipangusa uso.

Leo imefika barua ya kumi na moja kuhusu makala yangu. Saba zinanitukana. Vizuri! Mwandishi asiyetukanwa akamwagilie nyanya kwa wino wake.

Nasema tena, hapa ambapo hakuna wa kunijibu: kamati ya shule imekosea. Kufunga darasa la kwanza na la pili, kisha kupakia watoto wa miaka sita kwenye basi hadi ng'ambo ya mto—huo si mpango, ni uvivu. Shule waliyoijenga bibi zetu! Nilimchapa mwenyekiti, Zalman Levitin, hoja tisa mfululizo katika jarida la jumuiya. Ya tisa ndiyo watu wanaikariri kwenye foleni ya mkate: "Mtu asiye na mtoto asituamulie watoto wetu."

Sentensi nzuri. Fupi. Inauma.

Mwanangu Tuvia alitimiza miaka kumi na mitatu mwezi uliopita. Sikukuu ya Majuma ikifika, atasimama nami mbele ya sanduku la Torati, kuhani kando ya kuhani, kuwabariki watu. Mara yake ya kwanza! Anajizoeza kutenganisha vidole, kama kuhani anavyovishika akibariki, mbele ya kioo cha bafuni. Kidole cha pete kinamgomea. Nilimchungulia mlangoni. Mikono ile juzi tu haikuweza kushika kijiko. Nikaondoka kabla hajaniona nilivyokuwa.

Jumanne, 4 Juni

Rabi Perl ameniita ofisini. Ana miaka thelathini na minne, ndevu zake bado hazijaamua. Nikamwambia mapema: kama ni makala, siombi radhi. Akasema si makala, ni baraka. Je, nakumbuka maneno tunayotanguliza kabla ya kubariki?

Mimi! Nimeyasema tangu utoto. Kwamba tumeamriwa kuwabariki watu Wake kwa upendo.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa upendo."

"Haya basi. Kuhani anayechukia au anayechukiwa hapandi jukwaani kubariki. Sheria unaijua kuliko mimi. Unamchukia Zalman?"

"Ni mpumbavu."

"Sikukuuliza akili yake, Anshel."

Nilibishana saa nzima. Nilitaja vitabu sita. Yeye alitaja kimoja, akanishinda. Nisipopatana na Levitin kabla ya sikukuu, nitoke nje kabla makuhani hawajaitwa. Tuvia apande bila mimi.

Nikasema haiwezekani. Akasema inawezekana sana, mlango uko wazi.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwambia Tuvia. Hakulia, hakunilaumu. Aliuliza kitu kimoja: "Sasa nitajuaje wakati wa kugeuka kuwaelekea watu?"



Alhamisi, 6 Juni

Barua kwa Levitin. Rasimu ya kwanza ilianza: "Ingawa hoja zangu nane za mwanzo hazijajibiwa hadi leo…" Rasimu ya tatu ilikuwa na tanbihi. Mirel aliisoma ya nne akiwa amesimama jikoni, akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mume wangu, hii si radhi. Hili ni toleo la pili!"

Nimezichana zote.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika haraka, Sabato inaingia na ikiingia hatuandiki. Lazima niandike hili.

Mchana binti yangu Shifra alikuwa anamsaidia mama yake kusuka unga wa mkate. Ana miaka sita na pua yake ilikuwa nyeupe. Akauliza kama Mzee Levitin atakuja sinagogi siku ya sikukuu. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu kama hatakuja, mimi nitasimama wapi?"

Sikuelewa. Mirel akanigeukia, mikono imejaa unga. "Hukujua? Miaka yote hii?"

Sikujua!

Wakati wa baraka hakuna anayetazama. Sisi makuhani tunajifunika shali za sala hadi usoni, na kule chini kila baba anawavuta wanawe ndani ya shali yake. Lakini watoto wa kuhani baba yao yuko mbele. Shali ya baba yao inamfunika yeye na giza. Mimi nilidhani wangu wako upande wa wanawake na mama yao. Sikuwahi kuuliza. Kumbe walikuwa kwa Levitin. Tuvia tangu ana miaka mitatu, na Shifra baadaye. Mzee yule ni Mlawi, wa ukoo unaowahudumia makuhani: ananimwagia maji mikononi kule nyuma kama sheria inavyotaka, anarudi mahali pake, anawafungulia shali wanangu.

"Ndani kuna harufu ya mnanaa," Shifra alisema. "Anatuwekea mkono kichwani. Mwaka jana alilia kidogo. Akasema si machozi, macho yake yanatoka jasho tu."

Miaka kumi nimenyoosha mikono gizani, nikiwabariki nisiowaona. Na hapo, hatua kumi kutoka kwangu, mzee asiye na mtoto amewafunika wa kwangu.

Na mimi nikamwandikia ile ya tisa.

Mirel anawasha mishum—

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kwa miguu, bila karatasi. Bluma, mke wake, alifungua mlango. Hajaonekana sinagogi tangu makala itoke, na nilikuwa nimejiambia ni baridi yabisi. Levitin alikuwa mezani. Mbele yake lilikuwa birika la fedha la kunawishia makuhani. Hulichukua nyumbani kulisugua kabla ya kila sikukuu. Lilikuwa jeusi tititi.

"Umeleta hoja ya kumi?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa ipi?"

"Ya tisa."

"Na zile nane?"

Mungu anisamehe, kinywa changu kilijibu chenyewe: "Zile bado ni za kweli."

Kisha akagonga meza. "Angalau si mnafiki! Madarasa yote mawili yana watoto saba, kijana. Saba! Na mwalimu ni mgonjwa. Kuhusu shule umekosea."

"Kuhusu shule tutapigana baada ya sikukuu."

"Tutapigana."

Nikamwambia nimejua habari ya shali. Akasema hakumwita mtoto yeyote. Tuvia alikuja mwenyewe, mdogo, amepotea katikati ya miguu ya watu. "Hakuniuliza kama nina watoto. Aliinua pindo akaingia." Akakuna kidevu. "Baada ya sikukuu nikaenda kununua shali kubwa zaidi."

Nimesoma vitabu maisha yangu yote. Sijawahi kusoma sentensi kama ile.

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema nimuulize Bluma, kwa maana aliyeumia zaidi ni yeye.

Bluma alikuwa bado amesimama mlangoni mwa jiko. "Niliisoma kwenye foleni ya mkate," alisema, "na walio nyuma yangu walikuwa wanaisoma kwa sauti. Nilipoteza watatu tumboni, Anshel. Hakuna aliyefika mwezi wa saba." Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha! "Sijui kama nimekusamehe. Naona umekuja mwenyewe. Hicho nakiona."

Levitin alinisindikiza hadi ngazini. Akasema hawezi kuniahidi kitu. Atajua siku yenyewe, birika likiwa mkononi. "Nikiona mkono unamwaga, utakuwa umemwaga."

"Na usipomwaga?"

"Basi toka nje, kijana, kama alivyosema Rabi."

Jumatatu, 10 Juni

Radhi ya sebuleni haitoshi kwa tusi la barazani. Asubuhi nimebandika tangazo kwenye ubao wa sinagogi: "Hoja yangu ya tisa ilikuwa aibu, na aibu hiyo ni yangu. Naifuta. Anshel Kagan." Nimelipeleka na kwenye jarida.

Feldstein wa mikate alilisoma mara mbili, akaligeuza kuona kama nyuma kuna mengine. Mirel anasema ni maandishi mafupi kuliko yote niliyowahi kuyatoa. Na hayana tanbihi.

Tuvia alilisoma pia. Usiku wakati wa kula alinisogezea kipande chake cha keki.

Jumanne, 11 Juni

Sikukuu inaingia. Juni hapa jua halina haraka, bado limekaa kwenye bomba la moshi la jirani ingawa ni saa tatu usiku. Nyumba inanukia jibini na siagi. Viatu vya Tuvia visivyo na kamba viko mlangoni, soksi mpya ndani yake, maana makuhani hubariki bila viatu. Nimemfundisha kugeuka: daima kuumeni, polepole, kana kwamba umebeba bakuli lililojaa. Aligeuka mara ishirini katikati ya sebule, na mara ya mwisho vidole vilifunguka vyenyewe. Vyote! Akavitazama kama si vyake. Nami nikavitazama hivyohivyo. Akasema: "Baba, hata ukiwa nje nitajua sasa." Alikusudia kunifariji.

Shifra amerudi sasa hivi kutoka sinagogi, Mirel alimtuma na sahani ya keki. Anahema. Mzee Levitin yuko kule, anasugua birika. "Linang'aa, Baba! Nimeona meno yangu!"

Nikajizuia. Makuhani tuko saba hapa. Birika halisuguliwi kwa ajili ya mtu mmoja.

"Amesema nini?"

"Ameniuliza kama nimekua, maana lazima shali initoshe. Nami nikamuuliza, na Baba utammwagia maji?"

"Ulimuuliza hivyo!"

"Ndiyo. Akasema, kwani mikono ya baba yako ni michafu? Nikasema ndiyo, ina wino."

"Akacheka?"

"Hapana. Akaendelea kusugua."

Nimekwenda bafuni na limau na sabuni ya mche. Nimesugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kidole cha shahada hakitakati, wino wa miaka thelathini. Zimebaki dakika sita sikukuu iingie. Mirel ameshika kiberiti mkononi, anasema niache kuandika, najichafua tena—